Upepo wa matairi ya semi: jinsi ya kupata namba sahihi ya kila ekseli

Mwulize fundi tairi yeyote wa Kurasini semi ijazwe upepo kiasi gani, jibu litatoka kabla hujamaliza swali: mia na ishirini (za PSI, kipimo cha presha ya upepo), zote. Namba yenyewe si mbaya. Kasoro yake ni kwamba imetolewa bila mtu kuuliza gari limebeba nini na uzito umekaa wapi. Tairi moja la mbele la kichwa linaweza kuwa limebeba tani 3 na nusu, wakati tairi moja la tela halifiki hata tani 2. Ukiyapa upepo sawa, moja limepata linalostahili na jingine limejazwa kwa mazoea tu.

Nitakayoeleza hapa ni ya semi ya kawaida ya ekseli 6: kichwa chenye ekseli moja ya mbele na difu mbili (ekseli zinazosukuma gari), tela la ekseli 3, matairi pacha (mawili mawili kila upande) kote nyuma, jumla matairi 22. Njia ninayoifikiria ni ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, kwa sababu ina kila kitu: joto la pwani, mlima wa Kitonga, baridi ya Mafinga, na mizani za kutosha. Tela la matairi mapana ya moja moja (saizi ya 385/65R22.5) linakwenda kwa hesabu hiyohiyo, ila uzito unaugawa kwa matairi 6 badala ya 12.

Anza na karatasi ya mizani

Huwezi kuchagua upepo kama hujui uzito, na uzito unaotakiwa si wa gari zima bali wa kila kundi la ekseli. Dereva wengi wakifika mizani ya Vigwaza wanataka kujua jambo moja tu: nimepita au sijapita. Karatasi inakunjwa, inatupwa juu ya dashibodi, imekwisha. Ifungue. Ndiyo yenye uzito wa mbele, wa difu na wa tela, kila kundi kivyake.

Mipaka ya kisheria unaijua: kwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, ekseli ya mbele isizidi tani 8, difu mbili zenye matairi 8 zisizidi tani 18, na ekseli 3 za tela zenye matairi 12 zisizidi tani 24. Kwa semi hii jumla ni tani 50.

Kupita mizani hakumaanishi matairi yako yanauweza mzigo. Mizani inalinda barabara. Matairi unayalinda mwenyewe, na utaona hapo chini kwamba tairi linaweza kuzidiwa huku karatasi ikisema uko salama.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Karatasi inasema:

Mbele: kilo 7,100
Difu: kilo 16,200
Tela: kilo 23,400

Uzito wa mbele umetoka wapi? Hapa ndipo sahani inapoingia, ile yenye grisi inayokaa juu ya difu na kushika kingpini, ile pini ya chuma iliyo chini ya tela mbele. Ikiwa imefungwa katikati kabisa ya difu mbili, uzito wote wa tela unaoilalia unakwenda kwenye difu. Ikisogezwa mbele, sehemu ya uzito inahamia ekseli ya mbele. Tuseme tela limelalia sahani kwa tani 14, sahani iko nusu mita mbele ya katikati ya difu, na kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya difu ni mita 3.9. Zidisha 14 kwa 0.5, gawa kwa 3.9: tani 1.8 zimeongezeka mbele. Kichwa kilichokuwa na tani 5.3 mbele kikiwa kitupu sasa kina tani 7.1. Basi fundi akikusogezea sahani ili difu zipite mizani, ujue amebadilisha pia upepo unaotakiwa mbele. Huyo ni fundi mwema, lakini hatakuambia hilo.

Mafuta nayo yahesabu. Lita 1,000 za dizeli ni kilo 840 hivi, na matangi yakikaa karibu na ekseli ya mbele, sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele. Pima gari likiwa limejaza mafuta. Ukilipima matangi yakiwa yamekauka utapata namba ya kukufurahisha tu.

Soma ubavu wa tairi

Chuchumaa, chukua kitambaa, futa vumbi. Unatafuta mistari miwili iliyoandikwa kwa herufi ndogo: mzigo wa juu tairi likiwa moja, na mzigo wa juu likiwa pacha, kila mmoja na presha yake. Kwenye tairi la 315/80R22.5 lenye namba 156/150, kwa mfano, utakuta kilo 4,000 likiwa moja na kilo 3,350 likiwa pacha, kwa kPa 850 (kilopaskali, kipimo kingine cha presha). Gawa kPa kwa 6.9 upate PSI: 850 inakuwa 123. Geji yako ikisoma baa, baa moja ni PSI 14.5.

Presha hiyo ya ubavuni inasomwa vibaya kila siku. Wengine wanaichukua kama amri ya kujaza, wengine kama hatari ya kukaa mbali nayo. Maana yake ni hii: tairi likiwa la baridi na lina presha hii, linaweza kubeba mzigo huu. Ukipunguza presha umepunguza na mzigo linaoweza kubeba. Ukijaza zaidi ya hapo, huongezi hata kilo moja ya uwezo. Uitazame na rimu pia, kwa sababu nayo ina mpaka wake wa presha.

Namba kama 156/150 ni mzigo kwa kifupi. Zinazokutana sana na malori yetu ni hizi: 148 ni kilo 3,150, 149 ni 3,250, 150 ni 3,350, 152 ni 3,550, 154 ni 3,750, 156 ni 4,000, 160 ni 4,500. Ya kwanza ni ya tairi likiwa moja, ya pili ni ya pacha.

Sasa rudi kwenye ile tani 8 ya mbele. Matairi mawili yenye 156 yanabeba kilo 8,000 kamili, bila hata kilo ya akiba. Yenye 154 yanabeba 7,500. Yenye 152, na 12R22.5 nyingi ziko hapo, yanabeba 7,100. Dereva mwenye 12R22.5 ya aina hiyo mbele na kilo 7,900 kwenye ekseli anapita mizani akipunga mkono, na kila tairi lake la mbele limezidiwa kilo 400. Hakuna upepo wa kutibu hilo. Dawa ni tairi jingine, au mzigo na sahani visogezwe nyuma.

Piga hesabu

Ukiwa na jedwali la mtengenezaji wa tairi lako, lifuate. Kampuni kubwa zote zinalo, linaonyesha presha kwa kila mzigo. Usipokuwa nalo, simu yenye kikokotoo inatosha:

Uzito wa ekseli, gawa kwa idadi ya matairi yake. Jibu ligawe kwa mzigo wa juu ulioandikwa ubavuni (wa moja kwa mbele, wa pacha kwa matairi pacha ya nyuma). Zidisha kwa presha ya ubavuni.

Hesabu hii inatoa namba kubwa kidogo kuliko za majedwali, kwa sababu majedwali hayapungui kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara zetu ziada hiyo naipenda.

Kwa mfano wetu, mbele kuna 315/80R22.5 156/150. Kilo 7,100 kwa matairi 2 ni 3,550. Gawa kwa 4,000, zidisha kwa 123: PSI 109. Difu zina tairi la aina hiyohiyo: 16,200 kwa 8 ni 2,025, gawa kwa 3,350, zidisha kwa 123: PSI 74. Tela tuseme lina 12R22.5 zilizoandikwa 3,150 kwa pacha na kPa 850: 23,400 kwa 12 ni 1,950, gawa kwa 3,150, zidisha kwa 123: PSI 76.

Najua unachofikiria ukiona 74 kwenye difu zenye tani 16. Usiende kupunguza upepo bado. Hesabu imedhani kwamba matairi yote 8 yanagawana mzigo sawasawa, barabara imelala tambarare, na hakuna anayevuja. Hakuna siku mambo hayo matatu yanakutana. Barabara imeinamia pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo matairi ya upande wa bonde yanabeba zaidi. Mzigo wenyewe umekaa kidogo upande mmoja. Na kuna mashimo.

Kwa hiyo mbele naongeza asilimia 10 juu ya hesabu: 109 inakuwa 120. Nyuma naongeza asilimia 10 vilevile, halafu sishuki chini ya 95 kwa semi inayokwenda safari ndefu na mzigo. Difu nazipa 95. Tela nalipa 100, ingawa hesabu zao zinakaribiana, kwa sababu ekseli 3 za tela zinaburuzwa kwa ubavu kila gari linapokata kona kali, na tairi laini linajikunja hapo hadi nyuzi zake zichoke. Tazama tela likigeuza yadini: tairi la nyuma kabisa linapinda kama linataka kutoka kwenye rimu.

Kwa nini nisiache 120 kote kwa usalama? Kwa sababu tairi la difu lililojazwa kwa mzigo ambao halina linakanyaga kwa katikati tu. Kashata (meno ya tairi) za katikati zinaisha huku za pembeni bado nzima, mshiko unapungua kwenye lami yenye maji, na tairi gumu linachanika kirahisi likigonga jiwe au ukingo wa shimo. Kwenye difu ndiko hasara hiyo inakoonekana mapema zaidi, maana ndizo zinazosukuma.

Mbele sibishani. Mbele ikikosea, ikosee kwa kuzidi kidogo, mradi haizidi presha ya ubavuni. Tairi la mbele likipasuka hakuna pacha wa kulishikia.

Pacha: kulingana kwanza, namba baadaye

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kwenye gari lako leo, fanya hili. Tairi la ndani na la nje lazima zilingane. Pacha zenye 90 na 90 ni bora kuliko zenye 110 na 85, hata kama wastani wa hizo za pili unaonekana mkubwa. Lenye upepo mwingi linakuwa refu kidogo, linachukua mzigo wa mwenzake. Lenye upepo mdogo linaburuzwa, linapata joto, linaisha vibaya. Tofauti ya PSI 5 naisahihisha. Tofauti ya 10 natafuta sababu yake.

La ndani ndilo linalosahaulika. Valvu yake iko ndani kabisa, mkono haufiki vizuri, utingo ana haraka, basi anapima la nje na kuandika namba ileile mara mbili. Siku la ndani likiisha upepo, la nje linabaki na mzigo wa wawili: kwa mfano wetu 2,025 mara mbili, kilo 4,050, kwa tairi linaloruhusiwa 4,000 likiwa moja na lenye PSI 123 kamili, wakati hili lina 95. Litakwenda, tena litakwenda mbali, na ndiyo maana linadanganya. Halafu yatapasuka mawili kwa mpigo.

Nunua geji yenye vichwa viwili vilivyogeukiana, ile ya fimbo ndefu, inafika ndani. Mirija ya kurefushia valvu inasaidia ikifungwa imara; ikilegea inavuja yenyewe. Kofia za valvu ziwe za chuma zenye mpira ndani, na ukimaliza kupima weka mate kidogo kwenye mdomo wa valvu kabla ya kufunga. Povu likipanda, pini ya ndani imechoka, na hiyo ni ya kubadilishwa hapohapo kwa pesa ndogo.

Urefu wa tairi nao ni sehemu ya kulingana. Usifunge jipya pamoja na lililochakaa ukategemea upepo uwasawazishe. Kwa saizi na chapa moja, pima kina cha kashata: tofauti ikizidi milimita 3, kipenyo kimetofautiana milimita 6, na mimi hapo nawatenganisha. Ukilazimika kuwaweka pamoja hadi Morogoro, lenye kipenyo kidogo likae ndani.

Nyundo ya kugonga matairi iache iendelee na kazi yake, ila ujue kazi hiyo ni ipi. Inatambua tairi lililokwisha. Lenye 95 na lenye 75 yanalia sauti moja.

Lini upime, na kwa nini

Asubuhi, kabla ya injini kuwaka, kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari. Au baada ya kusimama saa 3 au zaidi kivulini. Namba zote nilizotaja hapa ni za tairi la baridi.

Geji ya kibanda cha pancha imeanguka sakafuni mara nyingi kuliko inavyokumbukwa. Beba yako, na mara kwa mara ilinganishe na nyingine unayoiamini, kwenye tairi moja, dakika moja.

Tairi likitembea linapata joto na presha inapanda asilimia 10 hadi 15. Iliyoanza 120 Mlandizi itasoma 135 hivi ukisimama Mikumi mchana, na hiyo ndiyo afya yake. Usitoe upepo. Ukishusha hadi 120 hapo, kesho alfajiri tairi likiwa la baridi utalikuta na 105 au 106, chini ya ile 109 ambayo hesabu ilisema ni ya lazima, na siku nzima litajikunja zaidi na kupata joto zaidi kuliko jana. Matairi mengi ya mbele yanauawa hivyo, na mtu mwenye nia njema.

Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, kuna kisa: uzito umezidi, tairi lilianza na upepo mdogo, mwendo ni mkali, au breki inashika. Pitisha mgongo wa mkono karibu na kila tairi na kitovu chake. Lile lenye joto kuliko wenzake ndilo la kuulizwa. Njiani unalinganisha moto kwa moto: tairi la difu linalosoma 95 wakati majirani zake saba yanasoma 107 halina upepo sahihi, lina pungufu ya PSI 12.

Mafinga, Kitonga na kurudi

Umejaza 120 mbele Dar es Salaam, nyuzi 30. Umelala Mafinga mwezi wa saba, asubuhi nyuzi 10, geji inasoma kama 114. Hakuna aliyekuibia upepo. Baridi ya nyuzi 20 imeshusha PSI 9 hivi, na kimo cha karibu mita 1,900 kimerudisha kama 3, kwa kuwa hewa ya nje huko ni nyepesi. Yote yakiwa yameshuka kwa kiasi kimoja, nenda zako, mradi bado uko juu ya namba ya hesabu. Sisi tulikuwa na 109. Moja likiwa limeshuka kuliko wenzake, hilo ndilo lenye msumari.

Kitonga ukipanda na mzigo, difu zinafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo na hewa ya kupooza ni haba. Ukishuka, tatizo linahamia kwenye ngoma za breki. Joto la ngoma linapita kwenye rimu na kufika mdomo wa tairi, na upepo unapanda bila tairi lenyewe kuwa na kosa. Shuka kwa gia ndogo na breki ya injini. Ukifika Ruaha Mbuyuni simama, usimwagie matairi wala ngoma maji, na usiguse valvu. Yaache yapoe yenyewe.

Tairi lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani chini ya 96 kwa la mbele lililotakiwa 120, au chini ya 76 kwa difu, lisijazwe tu na kuendelea. Nyuzi za chuma za ubavuni huenda zimevunjika kimyakimya. Lifunguliwe, litazamwe ndani, na likijazwa liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu na mjazaji asimame pembeni ya mwelekeo wa ubavu. Ubavu wa namna hiyo hufunguka kwa mstari mmoja mrefu na unaua mtu aliyesimama mbele yake. Kibanda kisicho na kizimba hakifai kwa kazi hiyo, hata kama bei yake ni nzuri.

Kurudi ukiwa mtupu, sishauri kushusha upepo kwa safari moja. Hakuna atakayekujazia vizuri huko mbele, na matairi yatadundadunda tu bila madhara makubwa. Gari linalokwenda tupu wiki nzima ni habari nyingine. Hapo difu na tela zinaweza kukaa 85.

Lakini ukirudi na shaba kutoka Zambia au Kongo, hesabu inaanza upya. Shaba ni nzito na ni fupi: mzigo wote unakaa sehemu ndogo ya tela, na vifurushi viwili vikisogezwa mbele kwa mita moja, sahani inapokea uzito ambao hukuja nao. Chukua karatasi ya mizani ya Mpemba, isome mstari kwa mstari. Ikisema mbele 7,700 badala ya 7,100, tairi lako lina 3,850 na hesabu inatoa 118. Asilimia 10 haiingii tena kabla ya kugonga 123 ya ubavuni, kwa hiyo jaza 123, uende kilomita 70 kwa saa badala ya 80, na Dar es Salaam ukifika umwambie anayepanga mizigo asogeze vifurushi nyuma safari ijayo.